Radi ya Uluguru na Ushahidi wa Picha

Mji wa Morogoro umekaa miguuni pa mlima kama mtoto aliyekaa miguuni pa mamaye. Mtu akisimama mjini akaelekeza uso wake kusini, kilele cha Lupanga ki mbele yake na juu yake, chenye urefu wa mita 2,138 kutoka usawa wa bahari, na mji wenyewe uko karibu mita 500 tu. Wingu lolote litokalo upande wa bahari hupumzika kwanza juu ya ukuta huo kabla ya kuuteremkia mji. Mwenyeji hahitaji kuambiwa kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Huinua macho mara moja, akajua kama aanue nguo kambani au aziache.

Siku hizi, wingu likijikusanya juu ya Lupanga wakati wa jioni, utaona vijana wametoka barazani na simu mikononi, wakingoja umeme umulike ili waunase katika picha. Wakifaulu hushangilia kama wavuvi waliopata samaki mkubwa, na usiku haujaisha picha yao imekwisha kuonekana katika miji ya mbali. Nikiwatazama humkumbuka bibi yangu. Yeye, ngurumo ya kwanza iliposikika, alifunika kioo cha ukutani kwa kanga, akatuvua sisi watoto nguo nyekundu, akatuamrisha tuketi ndani kimya. Tulipomwuliza sababu alisema, "Wajukuu zangu, radi haichezewi wala haitazamwi usoni."

Kati ya kioo kilichofunikwa na kamera iliyofunuliwa kuna historia ndefu, nayo ndiyo makusudi ya insha hii. Nataka kuuliza picha ya radi ina faida gani kwa mtu aishiye chini ya radi. Je, ni pambo tu la macho, au ni ushahidi? Na kama ni ushahidi, ni ushahidi katika kesi gani, na nani mshitakiwa?

Tuanze na tufani ambayo haikupigwa picha. Katika karne ya kumi na tisa, mahali ambapo leo ni Morogoro palikuwa na mji wenye boma uliojengwa na Kisabengo, na baada ya kufa kwake ukatawaliwa na binti yake, Simbamwene. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871, alipokuwa akienda bara kumtafuta Livingstone. Aliusifu mji huo kwa kuta zake za mawe, minara yake ya pembeni na milango yake minne ya mbao zilizochongwa, akaukadiria kuwa na watu kati ya 3,000 na 5,000. Mbele yake alikutana na masika ya mwaka huo katika mbuga ya Makata, ambako msafara wake uliteseka kwa matope, maji na maradhi.

Mwaka uliofuata, 1872, alirudi kwa njia ile ile kuelekea pwani. Huo ulikuwa mwaka wa msiba katika nchi zetu: tarehe 15 Aprili kimbunga kikubwa kiliipiga Zanzibar, kikavunja merikebu za Sultani Barghash bandarini na kung'oa mikarafuu mashambani. Stanley alipofika kwa Simbamwene mwishoni mwa mwezi huo, hakuukuta mji alioujua. Mto Ngerengere ulikuwa umefurika na kuuchukua ukuta wote wa mbele pamoja na nyumba kama hamsini. Mji uliokuwa umejengwa ili kuzuia maadui wa kibinadamu haukuweza kuzuia maji.

Jambo hili tunalijua kwa maneno tu. Kamera zilikwisha kufika pwani. James Grant, mwenzi wa Speke, alipiga picha Zanzibar mwaka 1860. Lakini picha za siku hizo zilitaka mpigaji apake dawa juu ya kioo ndani ya hema la giza, akitie katika kamera kingali kibichi, na kukisafisha kabla hakijakauka. Kazi hiyo haifanyiki katika gharika. Basi historia ya tufani ya Simbamwene ni sentensi chache katika kitabu cha mpita njia. Hatuna sura ya ukuta uliobomoka, wala majina ya waliokufa, wala neno la mama mmoja aliyesimama ukingoni akitazama mahali ilipokuwa nyumba yake. Tufani kubwa huweza kuangamiza mji, kisha ikaangamiza na habari ya mji huo.

Sasa tutazame kwa nini Uluguru hupata ngurumo na mvua nyingi hivyo. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hubeba unyevu, na zikifika kwenye milima hii hazina njia ila kupanda. Hewa inapopanda hupoa. Mvuke hugeuka matone, na juu zaidi matone hugeuka barafu. Ndiyo sababu upande wa mashariki, kama Kinole na Tegetero, hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi uliojificha nyuma ya mlima. Ndani ya wingu kubwa la ngurumo chembe nyepesi za barafu hupanda kwa nguvu ya upepo, na vijiwe vizito vya mvua ya mawe huanguka. Vikigongana huachiana chaji za umeme: chembe nyepesi huchukua chaji ya aina moja juu ya wingu, na vijiwe hubaki na chaji ya aina nyingine chini yake. Chaji hizo zikizidi kiasi ambacho hewa inaweza kuvumilia, hewa hupasuka, na huo mpasuko ndio radi.

Lugha yetu imelifahamu jambo hili kwa namna yake. Tuna ngurumo, ambayo ni sauti. Tuna umeme, ambao ni mwanga umetao. Na tuna radi, ambayo ni pigo lenyewe. Neno radi lilitujia kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni ngurumo. Sisi tulilichukua jina la sauti tukalipa pigo. Na nguvu iwashayo taa zetu ilipoingia nchini hatukuitafutia jina geni; tuliiita umeme, kwa jina la ule mwanga wa mawinguni. Wataalamu wa Ulaya na Marekani walihitaji majaribio ya karne ya kumi na nane ili kuthibitisha kuwa vitu hivyo viwili ni kimoja. Mswahili alivipa jina moja, na jina hilo likasadifu kweli.

Lakini kujua kuwa wingu lina nguvu si kujua nani mwenye kuliamrisha. Swali hili la pili ndilo lililokuwa kubwa katika Uluguru ya zamani. Huko Kinole, upande wa mashariki wa milima, cheo cha Kingalu kilirithiwa kizazi baada ya kizazi, na mwenye cheo hicho alijulikana mbali kuwa mleta mvua. Kusini zaidi, katika Kolero, palikuwa na pango la maombi lililovuta watu kutoka Uluguru na hata kutoka Uzaramo, waliokuja kuomba mvua na neema ya mashamba. Watu hawakwenda huko kwa ujinga. Walikwenda kama mkulima wa leo anavyosikiliza habari za hali ya hewa redioni: njaa inapokaribia, mtu hutafuta mlango wa kubisha.

Desturi hiyo ilikuwa na wema wake. Iliifanya mvua kuwa jambo la watu wote; iliwakusanya wakulima wa mabonde mbalimbali chini ya ombi moja, na ilimpa mtawala wajibu ambao hakuweza kuukana. Lakini ilikuwa pia na upande wake mzito. Ikiwa mvua njema ina mtu wa kushukuriwa, basi mvua mbaya ina mtu wa kulaumiwa. Ikiwa mtu mwema aweza kuliita wingu kwa faida ya wote, kwa nini mtu mbaya asiweze kulituma kwa hasara ya mmoja? Fikira hizi mbili huzaliwa tumbo moja. Ndivyo yalivyopata nguvu, katika sehemu nyingi za Tanzania, maneno ya "radi ya kutumwa". Mkoa wa Rukwa umevumishwa zaidi kwa habari hizo, lakini hakuna mkoa ambao masikio yake hayajazisikia. Radi ikiua mtu au ng'ombe, wafiwa huuliza nani aliyegombana naye, nani anayemdai, nani aliyemwonea wivu. Na mara nyingi jibu huangukia mtu asiye na mtetezi: kikongwe, mjane, mgeni, au jirani mkimya.

Hapa ndipo ninapoona kesi. Mshitakiwa si radi. Mshitakiwa ni jirani. Na picha huitwa kama shahidi.

Shahidi huyu alichelewa kuja. Mwaka 1847, huko St. Louis nchini Marekani, Thomas Easterly alifaulu kupata picha ya mwale wa radi juu ya bamba la fedha. Mwaka 1882 William Jennings wa Philadelphia alipata picha juu ya kioo kikavu, na alikuwa na nia maalumu. Wachoraji wa karne nyingi walikuwa wameichora radi kama msumeno wenye meno makali, mstari unaokatika kulia na kushoto. Jennings alitaka kujua kama ndivyo ilivyo. Picha zake zilionyesha kuwa sivyo: radi hupinda kama mto, hujigawa kama mti, na matawi yake hutanda kama mizizi. Watu wote walikuwa wameitazama radi tangu kuumbwa kwa dunia, na wengi wakaichora, lakini jicho lilikuwa limewadanganya, kwa kuwa jambo lenyewe hupita kabla jicho halijakusanya akili.

Msomaji atashangaa mtu awezaje kubonyeza kamera kwa upesi wa radi. Hakuna awezaye. Siri ya kazi hiyo ni subira. Mpiga picha huweka kamera juu ya miguu mitatu wakati wa giza, hufungua tundu lake, akaliacha wazi kwa sekunde kadhaa au zaidi akingoja. Giza haliandiki kitu. Radi ikipita hujiandika yenyewe.

Katika Afrika ya Mashariki kamera ilifuata njia ya utawala. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na pamoja nayo wakaja walowezi, maofisa na wapiga picha. Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha nyingi za nchi hii, na mkusanyo wake wa miaka ya 1906 hadi 1918 umehifadhiwa katika hazina ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Picha za zama hizo hutuonyesha vituo vya reli, mashamba, askari, masoko, na milima iliyotulia chini ya jua. Aghalabu hazituonyeshi nchi katika ghadhabu yake. Kamera ya mtawala ilipenda mwanga mzuri na watu waliosimama wima. Kwa hiyo aliyetaka kuijua Uluguru kwa picha hizo angedhani kuwa ni nchi ya asubuhi tu.

Ushahidi mkubwa ulitoka upande mwingine wa bara letu. Mwaka 1900 Mwingereza Charles Vernon Boys alibuni kamera ya ajabu: lenzi mbili zilizozungushwa kwa kasi, ili sehemu ya radi iliyotangulia iandikwe mahali pamoja na sehemu iliyofuata iandikwe mahali pengine. Kwa kupima umbali kati ya alama hizo, mtu angeweza kujua nini kilikuja kwanza na nini kilikuja baadaye, hata kama tofauti ni sehemu ndogo mno ya sekunde. Boys aliitunza kamera hiyo miaka mingi bila kupata alichokitaka, kwa sababu radi si mtu wa kuitwa. Kazi yake ilikamilishwa Johannesburg, mji wenye ngurumo nyingi. Huko Basil Schonland, mzaliwa wa Grahamstown, pamoja na mwenzake Collens, waliitumia kamera ya namna hiyo mwaka 1933, na mwaka uliofuata wakachapisha waliyoyaona.

Waliyoyaona ni haya. Kabla ya mwanga mkubwa, mwale dhaifu ambao jicho haliuoni hushuka kutoka winguni. Haushuki kwa mkupuo mmoja kama mkuki. Hushuka kwa hatua: hutambaa kiasi cha mita 50, husita, hutafuta njia, hutambaa tena. Kila kituo chake hakizidi sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, na kila mara huweza kupinda au kujigawa. Mwale huo ukigusa ardhi, ndipo mwanga mkali hukimbia kwa nguvu katika njia iliyokwisha kufunguliwa, na mwanga huo huenda kutoka chini kwenda juu. Mwanga tunaouogopa kuwa umeshuka, kwa kweli umepanda. Mara nyingi jambo hili hurudiwa mara tatu au nne katika njia ile ile, na ndiyo sababu radi huonekana kutetemeka.

Watafiti waliofuata waliongeza jambo moja la mwisho. Mwale ushukao unapokaribia ardhi, ukiwa umebakiza makumi ya mita tu, miale midogo huinuka kutoka ncha za vitu vilivyo chini: mti mrefu, paa la nyumba, mwamba wa kilele, kichwa cha mtu aliyesimama peke yake uwandani. Ule mwale mdogo unaowahi kushikana mkono na ule ushukao ndio huamua mahali pa pigo. Mpaka kufikia hapo, hakuna kilichochaguliwa.

Msomaji na atafakari maana yake. Wingu lililo kilomita kadhaa juu ya kijiji halina anwani ya nyumba ya mtu. Mwale unapoanza safari yake haujui kama utaangukia mwembe, au mnara, au zizi la mbuzi. Hutafuta njia nyepesi hatua baada ya hatua, na mwishoni huvutwa na kile kilichoinuka karibu yake. Hauulizi nani ana deni, nani kaoa mke wa pili, nani kagombania mpaka wa shamba. Nyumba iliyopigwa ilikuwa juu ya kilima, au kando ya mti mrefu, au peke yake mahali pa wazi. Hiyo ndiyo hatia yake, wala haina nyingine.

Najua jibu litakalotolewa. Yuko atakayesema, "Na hizo hatua pia mchawi huziongoza." Siwezi kumshinda mtu huyo kwa picha, kwa sababu hakuna picha ya kitu kisichokuwapo. Lakini naweza kumwuliza swali la haki: anayemshitaki mwenziwe ndiye apaswaye kuleta ushahidi, naye ameleta nini? Ameleta huzuni yake, na huzuni si ushahidi. Mimi nimeleta sahani za Johannesburg. Na naweza kuleta zaidi, maana siku hizi radi hupigwa picha kutoka juu pia. Kati ya mwaka 1997 na 2015 chombo kilichofungwa katika setilaiti kilihesabu miale ya radi katika nchi za joto zote. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2016 zilionyesha kuwa mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani ni Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, kwa wastani wa miale 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Na katika Afrika ni Kabare, mashariki ya Kongo, kwa wastani wa miale 205. Sasa niambiwe, ni adui gani aliyelitumia ziwa radi zote hizo? Ziwa halina mtalaka wala mdeni. Lina maji yenye joto na milima iliyolizunguka, na hayo yanatosha.

Lakini sitaki kuwacheka wenye kuamini radi ya kutumwa, kwa sababu wanauliza swali ambalo kamera haikuundwa kulijibu. Kamera hujibu namna gani. Wao huuliza kwa nini yeye. Mama aliyempoteza mwana haponi kwa kuambiwa habari za chaji na barafu. Tarehe 28 Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi ya Runyanya, nchini Uganda. Katika Mkoa wa Geita hapa kwetu, wanafunzi sita waliuawa Oktoba 2018, na wengine saba wilayani Bukombe Januari 2025. Mbele ya misiba hiyo ulimi wa mtaalamu huwa mzito, na yafaa uwe mzito. Ninachosema ni kwamba msiba mmoja usizae wa pili. Mwana aliyekufa kwa radi harudi kwa kikongwe kuchomewa nyumba.

Na kuna faraja ngumu katika kweli hii. Radi ikiwa imetumwa na mtu, hakuna kinga ila hofu na malipizi. Ikiwa hufuata kilichoinuka, basi kinga ipo, na ni ya kufundishika. Shule yaweza kufungiwa fimbo ya chuma juu ya paa na waya mnene wa kulipeleka pigo ardhini. Mchungaji aweza kujua kuwa mti uliosimama peke yake si mwavuli, bali ni mtego. Mtoto aweza kufundishwa kuhesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo, kila sekunde tatu zikiwa kilomita moja, na kuingia ndani upesi hesabu inapopungua. Msafiri aweza kujua kuwa ndani ya gari lenye bodi ya chuma ni salama kuliko ndani ya kibanda cha nyasi. Na wale vijana wa barazani na wajue kuwa simu haiiti radi, lakini aliyesimama juu ya dari au katikati ya uwanja ili apate picha nzuri amejifanya mwenyewe kuwa ndicho kilichoinuka. Picha bora ya radi hupigwa na mtu aliye ndani, dirisha likiwa limefungwa, na radi ikiwa mbali.

Lakini mafundisho haya yatafikishwaje? Uluguru ina historia yake hapa, na ni historia ya kujihadhari. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Wataalamu waliona kwa macho yao jinsi mvua kubwa zinavyoumomonyoa udongo wa miteremko na kuuteremsha mitoni, na hofu yao haikuwa ya uongo. Dawa yao ilikuwa matuta ya ngazi, yaliyochimbwa kwa amri, na adhabu ikamngoja asiyechimba. Wakulima walisema kuwa ngazi hizo zinafukua udongo mbovu na kula siku zao za kazi. Hawakusikilizwa. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango wenyewe ukaachwa. Wataalamu waliijua mvua lakini hawakuwajua wenye mashamba. Elimu iliyokuja na fimbo ilifukuzwa kama mvamizi, na sehemu yake iliyokuwa ya kweli ikafukuzwa pamoja nayo.

Basi na elimu ya radi isije kwa njia hiyo. Asije mtu kijijini na kusema kuwa wazee wote ni wajinga na kamera ndiyo yenye akili. Aje na picha, aiweke mkononi mwa mzee, aketi chini, aulize mzee ameona nini katika maisha yake. Yamkini atasikia kuwa mti fulani juu ya kilima umepigwa mara nyingi kuliko mingine. Na hapo mzee mwenyewe atakuwa amesema neno lile lile lililosemwa Johannesburg.

Leo kamera za radi zimeongezeka. Desemba 2022 setilaiti mpya ya hali ya hewa ilirushwa, nayo hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya dunia ikizitazama Afrika na Ulaya. Ina kamera nne za radi ziwezazo kupiga picha 1,000 kwa sekunde moja. Msitu wa juu wa Uluguru, uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, hunyeshewa chini ya jicho hilo usiku na mchana, na maji yake huteremka katika Mto Ruvu mpaka mabomba ya Dar es Salaam. Tufani kama ile iliyoubomoa mji wa Simbamwene isingepita tena bila kuandikwa. Lakini picha iliyo mbinguni haimwokoi mchungaji wa Mgeta kama habari yake haimfikii, na haimtetei mjane kama hakuna wa kusimama mbele ya umati na kusema alichokiona.

Narudi kwa bibi yangu. Alikosea kuhusu kioo. Kioo hakiiti radi, wala kanga haina nguvu ya kuizuia. Alikosea pia kuhusu nguo nyekundu. Lakini alipotuamrisha tutoke chini ya mwembe na kuketi ndani, alikuwa amesema kweli, na kwa amri hiyo alitulea mpaka tukakua. Na jambo moja zaidi nakumbuka. Mwaka mmoja radi iliua mbuzi wa jirani, na watu wakaanza kunong'ona jina la mtu. Bibi aliwasikiliza, kisha akasema, "Mvua ni ya wote, na radi yake ni ya wote." Hakuwa amepata kuona picha ya radi maishani mwake. Ningekuwa nayo siku hiyo, ningeiweka mkononi mwake, si ili nimfundishe, bali ili awe na kitu cha kuwaonyesha.